Mambasa: Anayeanza kuwinda ukubwani apite kwa mlango, asianze na waya

Familia nyingi zilizokimbia mauaji katika maeneo ya Irumu, Djugu na Beni zinaishi leo kando ya barabara ya kitaifa nambari 4, tangu Komanda mpaka Mambasa na mbele. Wengine wako kwa jamaa, wengine wamepangisha chumba, wengine wako chini ya maturubai. Wababa wengi wa familia hizo ni wakulima. Kazi wanayoijua ni ya jembe na panga: mihogo, maharagwe, ndizi, kakao. Shamba limebaki nyuma, na kurudi huko ni kucheza na maisha. Hatua chache kutoka pale wanapolala kuna msitu wa Ituri.

Baba wa miaka 35 ao 40, ambaye tangu azaliwe hajaua hata mboloko mmoja, anaona watoto wakila ugali wa mihogo na sombe bila samaki wala nyama, siku baada ya siku. Jirani anamwonyesha waya ya breki ya pikipiki, namna ya kufunga kitanzi na namna ya kupinda kijiti. Somo linachukua nusu saa. Kesho yake asubuhi ameingia porini na vitanzi kumi. Amekuwa mwindaji, ao ndivyo anavyofikiri.

Hakuna mwenye haki ya kumcheka baba huyo. Njaa si kosa, na kujifunza kazi mpya ukubwani si haya. Matata iko katika namna anavyoanza. Mtu mzima anayeanza kuwinda anapaswa kuanza sawa mwanafunzi: apite kwa kapita, atembee na wanaoujua msitu, asaidie kwenye wavu wao mbele ya kutega kitu chake mwenyewe. Akianza na waya, ataua nyama bila kujua kuwinda, na hasara itamfikia yeye, itawafikia wenyeji waliomkaribisha, na itaufikia msitu wenyewe.

Waya haifundishi kitu

Karibu kila chombo cha uwindaji kinamlazimisha mtu kujifunza. Mwenye upinde anapaswa kujua namna ya kumsogelea makako bila kukanyaga jani kavu. Mwenye wavu anapaswa kujua nyama inapumzika wapi na itakimbilia upande gani. Mwenye mbwa anafuata mlio wa kengele ya mti iliyofungwa shingoni mwa mbwa wake, na anaelewa nini kinatokea mbele ingawa haoni. Waya peke yake ndiyo haidai ujuzi mwingi. Inafungwa, inaachwa, inafanya kazi usiku na mchana, mwenyewe akiwa amelala. Ndiyo maana inapendwa na wanaoanza, na ndiyo maana mikononi mwao inaleta uharibifu mwingi.

Waya haichagui. Kitanzi kilichotegwa kwa ajili ya mboloko wa kilo 5 kinaweza kushika mguu wa okapi mwenye kilo zaidi ya 200. Okapi ana nguvu. Anaweza kukata waya na kwenda nayo mguuni, ikizidi kukaza mpaka kidonda kioze. Kitanzi kinashika jike mwenye mimba sawasawa na dume. Mboloko anazaa mtoto mmoja kila mara, baada ya kubeba mimba karibu miezi 7. Okapi anabeba mimba zaidi ya mwaka mzima, na yeye pia anazaa mmoja. Hawa si panya wa kuzaa kumi kwa mara moja. Mkulima anaelewa hesabu hii vizuri: anayekula mbegu yote ya maharagwe hana cha kupanda majira yanayofuata.

Tena anayeanza anasahau. Mwindaji wa siku nyingi anakumbuka kila kijiti alichopinda. Mgeni anatega vitanzi 30, anarudi akiona 20 tu, kwa sababu msitu wote unafanana machoni pake. Siku risasi zinalia upande ule, hathubutu kurudi kuangalia. Zikipita wiki mbili, kilichonaswa kimeoza na hakuna mtoto aliyekula. Vita ikimfukuza tena kwenda mbali, yeye anaondoka na waya zinabaki. Kamba ya mti ingeoza kwa mvua. Chuma inakaa, na inaweza kushika nyama ambayo hakuna mtu atakayekuja kuitoa.

Kuna pia mtego unaomshika mwindaji mwenyewe, ni deni. Pale soko la nyama ya pori linapotembea, wako wafanyabiashara wanaomkopesha anayeanza waya, tochi na chumvi, kisha wanalipwa kwa nyama. Baba aliingia msituni kwa sababu ya sufuria ya nyumbani. Baada ya muda mfupi nyama nzuri inapanda pikipiki kwenda sokoni, na nyumbani kunarudi kichwa na matumbo. Deni haliishi, kwani kila safari inaomba waya mpya. Watoto waliokuwa sababu ya kuanza wanaendelea kula sombe bila kitu.

Msitu una wenyewe

Mtu aliyetoka eneo la mashamba anaweza kuuona msitu wa Ituri kama pori tupu. Hakuna uzio, hakuna alama, hakuna nyumba. Lakini msitu huo umegawanywa tangu mababu. Kila kundi la Bambuti lina upande wake wa kuwinda, na jamaa za vijiji vya barabarani, Wabila, Walese, Wandaka na wengine, wana uhusiano wa vizazi na makundi hayo. Kijito ni mwisho wa hawa, kilima ni mwanzo wa wale. Yule anayeingia bila kuuliza ameingia katika shamba la mtu. Mkulima wa kakao anajua uchungu wa kukuta mgeni amevuna matunda yake usiku. Mbuti anayekuta waya za mtu asiyemjua katika njia za mababu zake ana uchungu uleule, hata kama hasemi kwa sauti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haifanyiki msituni. Inafanyika kwa kapita. Anayetaka kuanza aende mchana, pamoja na mwakilishi wa kamati ya wakimbizi ao na mwenyeji aliyempokea, ajitambulishe: jina lake, alikotoka, nyumba anayolala, idadi ya watoto. Aulize: ni msitu gani unaruhusiwa kwa sasa? Ni mzee gani wa Bambuti anayekubali kumpokea? Ni kitu gani kitatolewa, na kwa nani? Mazungumzo hayo ya saa moja yanazuia ugomvi mwingi kati ya wenyeji na wakimbizi.

Kuna pia sheria ya nchi. Hifadhi ya Okapi, yenye makao makuu Epulu, iliundwa mwaka wa 1992. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 13,700, nayo inasimamiwa na ICCN. Mwaka wa 1996 iliandikwa katika urithi wa dunia, na mwaka wa 1997 ikaandikwa tena katika orodha ya urithi ulio hatarini, juu ya vita na uharibifu. Ndani yake wakaaji wana sehemu za kulima na sehemu za kuwinda kwa njia za asili kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Sehemu ya katikati haiguswi. Mgeni hawezi kutofautisha sehemu hizo kwa macho. Akijiendea peke yake, anaweza kuamka katikati ya eneo lililozuiwa na kukamatwa na walinzi, akiwa na waya mkononi na bila neno la kujitetea.

Nje ya hifadhi pia sheria iko. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 inaomba ruhusa, nayo inataja hata ruhusa ya pamoja kwa ajili ya kijiji. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya kulinda mazingira inaongeza adhabu za kifungo na faini. Kuna majira ambayo uwindaji unafungwa, na kuna nyama zisizoguswa popote pale: okapi, tembo, sokomutu. Anayeanza asijiambie kwamba yeye ni mkimbizi na atahurumiwa. Gerezani hakuna anayelisha watoto walioachwa nyuma.

Wavu unamfundisha mtu

Bambuti wengi wa pande za Epulu na Mambasa wanajulikana kwa uwindaji wa wavu, wakati Efe, jirani zao, wanajulikana zaidi kwa upinde. Kwa mtu mzima asiyejua kitu, wavu ndiyo shule nzuri, kwani ni kazi ya watu wengi na kila mtu ana nafasi, hata yule asiyejua.

Kazi inaenda hivi. Asubuhi wanaume wanabeba nyavu begani. Wavu mmoja ni mrefu, unaweza kupita mita 50, na kimo chake kinazidi kidogo mita moja. Unasukwa kwa nyuzi za maganda ya mti mtambaazi, zinazosokotwa kwa mkono juu ya paja, na ni kazi ya muda mrefu sana. Wakifika mahali palipochaguliwa, wanaume wanatandaza nyavu kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, zikiunganishwa mpaka zifanye nusu ya duara. Kila mmoja anasimama karibu na wavu wake. Wamama na watoto wanazunguka upande wa pili, kisha wanakuja wakipiga kelele na kupiga majani. Mboloko aliyejificha anatoka mbio, anaingia katika wavu, na aliye karibu anamrukia na kumshika miguu. Hapo nyavu zinakunjwa, kundi linasogea mbele, linatandaza tena, mara nyingi kwa siku moja.

Baba wa miaka 40 anayeanza hatapewa wavu. Atawekwa upande wa wamama na watoto wa kupiga kelele, ao atabeshwa kapu. Avumilie. Mtoto wa miaka 10 wa kambi ile anamshinda mara nyingi kwa ujuzi. Anajua mavi ya jana na ya leo. Anajua jani lililokatwa na meno ya mboloko na lile lililokatwa na mdudu. Anajua upepo unatoka wapi na njia ya kurudi wakati jua halionekani. Mambo hayo hayaandikwi mahali popote. Yanaingia kwa miguu, kwa siku nyingi za kutembea nyuma ya mtu anayejua. Wiki ya kwanza mgeni ataanguka, atakwama katika miiba, atakohoa wakati wa kimya na kuharibu kazi ya wote. Wamama watamcheka. Akicheka pamoja nao, ameanza vizuri.

Wavu una faida nyingine ambazo waya haina. Nyama iliyonaswa inafikiwa na mtu palepale, ingali hai. Okapi akiingia kwa bahati mbaya, watu wako pale na wanaweza kumfungulia. Jioni nyavu zote zinarudi begani, hakuna kinachobaki kuua usiku. Na nyama inagawanywa kwa desturi: mwenye wavu ana sehemu yake, aliyeshika kwanza ana yake, waliosaidia wana yao. Anayeanza anaweza kurudi nyumbani na kipande kidogo siku ambayo hajashika kitu. Kwa familia isiyo na jamaa mahali ilipokimbilia, kipande hicho kina maana kuliko uzito wake: kinaonyesha kwamba jina la baba huyo limeingia katika hesabu ya kambi.

Lakini mgeni asije kwa Bambuti kama bwana mkubwa. Kumekuwa na tabia mbaya ya zamani, ya watu wa vijiji kumwita Mbuti "mtu wangu" na kumlipa kazi ya siku kwa kikombe cha pombe. Mkimbizi anayefika na tabia hiyo hana cha kufundishwa. Alipe kwa kile anachokijua. Yeye ni mkulima: anaweza kufyeka na kupanda mihogo pembeni ya kambi ya wale wanaomfundisha, anaweza kutoa siku mbili za jembe kwa siku mbili za msitu, anaweza kuleta chumvi na sabuni. Hapo kila upande unafundisha mwingine, na hakuna anayemdai mwingine.

Kurudi nyumbani akiwa hai

Msitu wa Ituri si msitu wa amani. Watu wa Epulu hawajasahau tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 2012, siku kundi la silaha lililojulikana kwa kuua tembo liliposhambulia makao ya hifadhi, likaua watu na likaua okapi 14 waliokuwa wanatunzwa pale. Tangu wakati huo makundi yamebadilika majina, lakini wanaokimbia wanajua vizuri kilicho ndani ya pori.

Kwa sababu hiyo anayeanza asianze na bunduki. Bunduki ya kienyeji inaweza kupasuka usoni mwa anayepiga. Na hata isipopasuka, mtu mwenye bunduki porini anaonekana muasi machoni pa askari, na anaonekana askari machoni pa waasi. Hakuna atakayemwuliza kama alikuwa anatafuta mboga ya watoto. Vilevile nguo zenye rangi ya kijeshi, hata shati ya zamani aliyopewa na rafiki, ibaki nyumbani.

Mengine ni mepesi lakini yanaokoa. Asiende peke yake. Mke wake na kapita wajue ni upande gani na saa gani ya kurudi, kusudi akikawia watafute mahali panapojulikana. Arudi mbele ya giza. Jeshi ao wakuu wakisema upande fulani umefungwa, umefungwa. Akiona chuma asichokijua chini, ao mzigo ulioachwa katika kambi tupu, asiguse, akumbuke mahali, arudi alikotoka, aseme kwa wakuu. Akiumwa na nyoka, asikatekate kidonda wala kunyonya. Atulie, abebwe mpaka kituo cha afya. Aliyeenda peke yake hana wa kumbeba.

Nyama inaweza kuleta ugonjwa

Hapa hakuna haja ya hadithi ndefu, kwani familia nyingi zimezika watu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 katika Kivu ya Kaskazini ilifika Ituri pia, mpaka Mambasa. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Mpox nayo inajulikana kwa binadamu tangu mwaka wa 1970, na mgonjwa wa kwanza alionekana nchini Congo, mtoto wa Basankusu. Mwezi wa 8 mwaka 2024, shirika la afya duniani OMS lilitangaza tena kwamba ni dharura ya dunia nzima. Magonjwa hayo yote mawili yanaweza kutoka kwa nyama ya pori na kuingia kwa mtu anayeigusa.

Sheria ya kwanza kwa anayeanza ni hii: nyama aliyoikuta imekufa haiguswi, haiokotwi, haijalishi njaa ni kali kiasi gani. Makako anayetembea kama mlevi, popo aliyeanguka, mboloko aliyelala bila kidonda, waachwe, na habari ifike kituo cha afya. Hapa pia waya inaonyesha ubaya wake, kwani anayekuta nyama imekufa katika kitanzi tangu siku tatu hajui kilichoiua. Wakati wa kuchinja, mwenye kidonda mkononi asiguse damu, watoto wasichezee ngozi wala kichwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na nyama ipikwe mpaka iive ndani kabisa.

Wanaosema njaa haingoji

Wako watakaojibu kwamba maneno haya ni ya mtu aliyeshiba. Mwenye watoto wanaolia leo hawezi kungoja miezi mitatu akipiga kelele nyuma ya wamama wa Bambuti. Jibu hilo lina uzito, na halipaswi kutupwa.

Lakini hesabu ifanywe vizuri. Kati ya vitanzi kumi vya mtu asiyejua njia za nyama, vingi vinabaki tupu. Anatembea saa nyingi, anarudi mikono mitupu, na siku nzima ya kibarua imepotea. Yule aliye katika kundi la wavu anaweza kupata kidogo tangu siku za kwanza, kwa sababu wanaojua wanashika na desturi inagawa. Hata kwa upande wa njaa, waya si njia ya mkato inayodhaniwa.

Wengine watasema: Bambuti wenyewe siku hizi wanatumia waya. Kwa wengine ni kweli. Nyama imeenda mbali na barabara, mapigano yamewasukuma wengi kutoka kambi zao za ndani, na kundi la wavu linahitaji watu wengi ambao leo wametawanyika. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza mikono kwenye wavu. Si sababu ya kuongeza waya. Mkimbizi mwenye nguvu anayekubali kuwa mwanafunzi anaweza kuwa mtu aliyekosekana ili duara litimie.

Na wako watakaosema kinyume: mkimbizi asiguse msitu kabisa, asaidiwe na mashirika. Wanaosema hivyo waende waangalie muda unaopita kati ya msaada mmoja na mwingine. Kuzuia bila kuonyesha mlango kunamfanya baba aingie usiku, kwa njia ya nyuma, na chombo anachoweza kuficha mfukoni ni waya.

Mlango ufunguliwe

Ndiyo maana lawama yote isiwekwe juu ya anayeanza. Kapita wanaweza kukaa na kamati za wakimbizi na wazee wa Bambuti, wakataja wazi ni pande zipi zinaruhusiwa, ni watu wangapi kwa kundi, ni siku zipi, na kitu gani kinatolewa. ICCN na huduma ya mazingira ya eneo wanaweza kuja kueleza mipaka kwa Kiswahili, mdomoni, mbele ya watu, kwani karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani haijafika kwa baba asiyejua kusoma. Wauguzi wa vituo vya afya wanaweza kutumia dakika kumi za mkutano huohuo kwa Ebola na mpox. Kazi hizo haziombi pesa nyingi. Zinaomba watu wakae pamoja.

Ukweli mwingine usemwe pia. Msitu hautalisha kambi nzima, hata watu wote wakijifunza vizuri. Kundi la wavu linaweza kupokea wachache, si mamia. Kwa wengine kinachohitajika ni kipande cha ardhi cha kukopa, mbegu, kuku wawili watatu, bata, bwawa dogo la samaki. Mwenyeji anayetoa ardhi ya majira moja kwa jirani yake mkimbizi anaokoa nyama nyingi za msitu kuliko tangazo lolote.

Baba yule wa miaka 40 bado yuko pale, waya ya breki mkononi, na kesho ni asubuhi. Mbele ya kuingia porini, apite kwa kapita na kuuliza ni nani anaweza kumfundisha. Na kapita naye awe na jina la mzee wa kumwelekeza. Kama hana bado, jambo hilo liwekwe mbele katika mkutano wa kijiji wa wiki hii, wenyeji, Bambuti na wakimbizi wakiwa wamekaa pamoja.